Kumbukumbu ya kudumu inapotumiwa na wengi: kutoka dalili hadi chanzo katika prosesa za mifumo pachikwa

Lalamiko huwa linafanana. Kifaa kimefanya kazi vizuri kwa majuma kadhaa, kisha kinawashwa na kukutwa kimesahau mipangilio yake, au kinakumbuka mipangilio ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Mtuhumiwa wa kwanza huwa chipu ya kumbukumbu: inabadilishwa, tatizo linatoweka kwa muda, halafu linarudi vilevile. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mara nyingi chipu haina kosa lolote. Kosa liko ndani ya programu dhibiti, ambamo pande mbili au zaidi zinaigusa kumbukumbu ileile bila kuwapo mmoja mwenye mamlaka ya kuamua nani aanze, nani asubiri, na kazi ya nani haipaswi kukatwa katikati.

Pande hizo ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Ipo programu kuu, zipo rutini za ukatizaji (vipande vya msimbo vinavyosimamisha kazi iliyopo ili kuhudumia tukio la ghafla), yapo majukumu ya mfumo endeshi wa wakati halisi, kipo kiini cha pili cha prosesa, ipo DMA (maunzi yanayohamisha data bila kupitia prosesa), ipo programu ya uwashaji inayosasisha kifaa, na ipo maktaba ya redio inayohifadhi funguo zake kimyakimya. Yupo pia mhusika mmoja ambaye ni nadra kuhesabiwa, naye ni kukatika kwa umeme, ambako kwa hakika ni ukatizaji usiorudi.

Kabla ya kugusa chochote

Tafuta katika msimbo kila mahali panaposoma, kuandika au kufuta kumbukumbu ya kudumu, pamoja na maktaba ambazo hukuziandika wewe, kisha orodhesha kila mahali hapo pamoja na muktadha wake: programu kuu, ukatizaji, jukumu gani, kiini kipi. Orodha hiyo peke yake hutatua sehemu kubwa ya matatizo, kwa sababu mara nyingi hubainika kwamba kuna mwandishi wa nne pale ambapo timu nzima iliamini wapo wawili.

Hatua ya pili ni kuufanya muda uonekane. Chukua pini moja isiyotumika, ipandishe operesheni ya kuandika inapoanza na uishushe inapokamilika kweli, si pale kitendaji kinaporudisha jibu. Weka pini nyingine kwa kila upande unaoshukiwa, kisha tazama kwa oskiloskopu au kichanganuzi cha mantiki. Pini mbili zinapokuwa juu kwa wakati mmoja, mgongano umeuona kwa macho na hauhitaji kuukisia.

Muda ndio kiini cha jambo lote hili, kwa hiyo inafaa tarakimu zikae kichwani. Kuandika baiti moja katika EEPROM (kumbukumbu ya kudumu inayoandikika baiti moja moja) ya ndani ya prosesa ndogo ATmega328P huchukua takriban milisekunde 3.4. EEPROM ya nje ya aina ya 24C256 hutangaza hadi milisekunde 5 kwa ukurasa wa baiti 64. Kufuta sekta ya kilobaiti 4 katika W25Q128JV, chipu ya flashi (kumbukumbu ya kudumu inayofutwa kwa vipande vizima), kwa kawaida huchukua milisekunde 45, lakini watengenezaji wanaruhusu hadi 400, na mbunifu anapaswa kupanga kwa tarakimu hiyo ya mwisho. Kufuta sekta ya kilobaiti 128 katika prosesa ya STM32F4 kwa upana wa biti 32 huchukua sekunde 1 kwa kawaida na 2 kwa kiwango cha juu. Prosesa inayokwenda kwa megahezi 100 hupitisha mizunguko milioni 4.5 ndani ya milisekunde 45 tu. Ni nafasi pana mno ya mtu wa pili kuingia.

Dalili: thamani iliyosomwa ni halali, lakini ni ya kitu kingine

Hii ndiyo dalili yenye mafunzo mengi kuliko zote, na inafaa kuitazama kwa karibu. Katika ATmega328P kuna rejista (kisanduku kidogo cha data ndani ya prosesa) moja ya anwani, EEAR, na rejista moja ya data, EEDR, na kila anayetaka EEPROM hupitia hizo hizo. Tuseme programu kuu inataka kuandika thamani ya urekebishaji katika anwani 0x20. Inaweka 0x20 ndani ya EEAR. Kabla haijafika kwenye EEDR, ukatizaji wa kipima muda unatokea, na rutini yake inasoma kihesabu kilichoko 0x80, hivyo EEAR inabaki na 0x80. Programu kuu inaporudi haijui kilichopita; inaweka thamani yake katika EEDR na kuamuru uandishi. Thamani ya urekebishaji inatua juu ya kihesabu, na anwani 0x20 inabaki na thamani ya zamani.

Sasa sogeza ukatizaji huohuo hatua moja mbele, baada ya EEAR na EEDR kujazwa zote mbili lakini kabla ya amri ya kuandika. Rutini inasoma 0x80, na kusoma huko kunabadilisha rejista zote mbili. Programu kuu inaporudi na kuamuru uandishi, inaandika katika 0x80 thamani ileile iliyokuwa 0x80 tayari. Hakuna kilichoharibika, hakuna alama iliyobaki, ila uandishi uliokusudiwa haukufanyika kamwe. Ndiyo maana kosa moja linaweza kuripotiwa kama makosa mawili tofauti kabisa na watumiaji wawili, na ndiyo maana kuukagua ukurasa mzima wa EEPROM baada ya tukio huenda kusionyeshe chochote.

Tiba ni kuzima ukatizaji kuanzia kuweka anwani hadi kutoa amri, baada ya kuhakikisha kwamba uandishi uliotangulia umekwisha. Tiba iliyo bora zaidi ni kuziondoa rutini zote za ukatizaji katika orodha ya wanaogusa EEPROM. Rutini ya ukatizaji inapaswa kuweka ombi katika foleni iliyoko RAM na kuondoka. Haina sababu ya kungoja milisekunde 3.4 wala kugusa rejista za wengine.

Sura ya tatizo hilohilo hujitokeza kwenye basi la I2C (waya mbili zinazoshirikiwa na chipu kadhaa). EEPROM za familia ya 24C huwa na kielekezi cha ndani cha anwani, na kusoma mahali maalumu kunahitaji kwanza kutuma anwani kisha kuanza kusoma. Dereva (programu inayoendesha chipu) akiachia basi kati ya hatua hizo mbili badala ya kurudia ishara ya mwanzo bila kusimama, jukumu lingine au bwana mwingine wa basi (kifaa kingine chenye kuliongoza) anaweza kukihamisha kielekezi, nawe ukasoma data safi ya mahali pengine.

Dalili: uandishi unatoweka bila kosa lolote kuripotiwa

Kitendaji kinarudisha mafanikio, kumbukumbu haijabadilika. Chunguza kwanza mlango wa ruhusa. Karibu kila kumbukumbu ya kudumu ina utaratibu wa kufungua kabla ya kuandika, uliowekwa makusudi ili programu iliyopotea njia isifute kitu, na utaratibu huo ni wa pamoja kwa watumiaji wote.

Katika chipu za W25Q amri 06h huwasha biti ya ruhusa iitwayo WEL, na biti hiyo hujizima yenyewe kila uandishi au ufutaji unapokamilika. Fikiria majukumu mawili yanayotumia kufuli (alama ya programu inayoruhusu jukumu moja tu kwa wakati) la basi la SPI, yaani waya zinazofika kwenye chipu hiyo, kwa kila amri moja moja, si kwa operesheni nzima. Jukumu A linatuma 06h na kuachia kufuli. Jukumu B linapata nafasi, linatuma 06h yake, linaandika ukurasa wake, linangoja hadi uishe. WEL sasa imezimwa. Jukumu A linarudi na kutuma amri ya kuandika, chipu inaipuuza kwa sababu ruhusa haipo, na biti ya BUSY (inayoonyesha kuwa chipu ina kazi) inasomeka sifuri mara moja, jambo ambalo dereva analitafsiri kuwa kazi imekwisha haraka. Kufuli lilikuwepo na lilitumika kila mahali, ila lilifunga kitu kidogo mno. Mipaka yake inapaswa kuanzia kabla ya 06h na kuishia baada ya BUSY kurudi sifuri, na dereva mwangalifu husoma rejista ya hali kuthibitisha kwamba WEL imewaka kabla ya kuendelea.

Chipu hiyo ikiwa BUSY hupuuza pia amri za kusoma, isipokuwa kusoma rejista ya hali na amri ya kusitisha kwa muda. Jukumu linalosoma wakati mwingine anafuta kwa kawaida hupata 0xFF mfululizo au 0x00 mfululizo, kulingana na jinsi waya wa data ulivyovutwa. Ukiona rekodi nzima imekuwa 0xFF kisha ikarejea yenyewe bila mtu kuiandika, hukupoteza data. Ulisoma wakati usiofaa.

Kwa STM32F1 mlango hufunguliwa kwa funguo mbili, 0x45670123 na 0xCDEF89AB, kwa mpangilio huo. Kosa la kawaida la utumiaji wa pamoja ni moduli moja kufunga flashi imalizapo kazi yake wakati moduli nyingine iko katikati ya kurasa zake. Kosa baya zaidi ni moduli mbili kufungua kwa wakati mmoja, funguo zikachanganyika, na kidhibiti cha flashi kikajifunga hadi riseti inayofuata. Kufungua na kufunga vifanyike mahali pamoja tu katika msimbo wote. Kwa ATmega328P kuna mtego wa aina hiyohiyo: baada ya kuweka biti ya EEMPE una mizunguko minne ya saa kuweka EEPE, na ukatizaji wowote ukiingia hapo, hata usiohusiana na EEPROM, unafuta ruhusa.

Ikiwa kinachotoweka ni baiti za mwisho tu za rekodi, na zimejitokeza mwanzoni mwa ukurasa, hilo si suala la ushirikiano. Umevuka mpaka wa ukurasa na kielekezi kimezunguka.

Dalili: nusu ya rekodi ni mpya, nusu ni ya zamani

Hapa kuna vyanzo vitatu, na kuvitenganisha kunahitaji kuangalia mpasuko uko wapi.

Mpasuko ukiwa ndani ya nambari moja yenye baiti kadhaa, msomaji ameingia katikati ya mwandishi. Hili hutokea hata kwenye FRAM, aina ya kumbukumbu ya kudumu inayoandikika haraka, ambayo watu huiamini kupita kiasi kwa kuwa haina kusubiri. Katika MSP430FR, ambako FRAM inaandikwa kama RAM ya kawaida, nambari ya biti 32 huandikwa kwa hatua mbili na prosesa ya biti 16, na ukatizaji au kuzimika kwa umeme katikati ya hatua hizo huacha nusu mbili zisizojuana. Kasi ya kumbukumbu hupunguza uwezekano wa tukio lakini haiuondoi, na kosa linalotokea mara moja kwa mwaka ni gumu kulitafuta kuliko linalotokea kila saa.

Mpasuko ukiwa kati ya nyuga za rekodi, kwa mfano kizingiti ni kipya lakini kipimo chake ni cha zamani, basi kufuli linashikwa kwa kila uga badala ya rekodi nzima. Kanuni ni kwamba kufuli lizunguke kile ambacho lazima kiwe kweli kwa pamoja.

Chanzo cha tatu ndicho kinachosumbua zaidi, nacho ni kusoma, kurekebisha na kurudisha. Flashi hufutwa kwa sekta nzima; kufuta hugeuza biti zote kuwa 1, na kuandika huweza tu kuzigeuza kutoka 1 kwenda 0. Kwa hiyo anayebadilisha baiti nne ndani ya sekta ya kilobaiti 4 hunakili sekta yote kwenye RAM, hubadilisha baiti zake, hufuta, kisha hurudisha zote 4,096. Jukumu la mtandao na jukumu la vipimo wakiwa na vigezo vyao katika sekta moja, hata kama hawashiriki kigezo hata kimoja, wamekuwa washirika kwa lazima. Mtandao unanakili sekta. Vipimo vinanakili sekta. Mtandao unafuta na kuandika. Vipimo vinafuta na kuandika nakala yao ya zamani. Badiliko la mtandao limezikwa, na kila upande ukikagua msimbo wake utaukuta safi. Ukiona mipangilio ya moduli moja inarudi nyuma kila moduli nyingine inapohifadhi yake, usitafute kwingine. Ama zipe moduli sekta tofauti, ama kunakili, kufuta na kurudisha vyote viwe chini ya kufuli moja lisiloachiwa.

Dhidi ya umeme kukatika kufuli halisaidii kitu. Kinachosaidia ni kutoandika kamwe juu ya nakala nzuri ya mwisho: weka nafasi mbili, kila rekodi iwe na nambari ya mfuatano na CRC (nambari ya ukaguzi inayofichua data iliyoharibika), andika katika nafasi ya zamani zaidi, na wakati wa kuwasha chagua rekodi yenye CRC sahihi na mfuatano mkubwa. Nafasi hizo zikae katika sekta tofauti, la sivyo ufutaji mmoja utazichukua zote mbili.

Dalili: kifaa kinaganda, kinapoteza baiti za mawasiliano, au kinajiwasha upya kila kinapohifadhi

Katika prosesa nyingi zenye benki moja ya flashi, msimbo na data vinakaa mahali pamoja, na benki hiyo haiwezi kusomwa inapofutwa. Prosesa inapotaka maagizo yanayofuata inasimamishwa tu hadi ufutaji ukamilike. Kwa STM32F103 ufutaji wa ukurasa huchukua milisekunde 20 hadi 40. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, mawasiliano ya mfululizo (serial) huleta baiti 11,520 kwa sekunde, maana yake ndani ya milisekunde 40 zinapita baiti zipatazo 460, nayo UART (sehemu inayopokea mawasiliano hayo) ya chipu hiyo ina nafasi ya baiti moja tu iliyopokelewa ikingoja kusomwa. Hakuna kufuli litakaloponya hilo, kwa sababu anayegombea flashi hapa ni prosesa yenyewe.

Zipo njia tatu ambazo hufanya kazi kweli. Unaweza kupokea data kwa DMA ndani ya bafa ya mzunguko iliyoko RAM, kwa kuwa DMA haihitaji maagizo kutoka flashi ili kuendelea. Unaweza kuhamishia jedwali la ukatizaji na rutini zinazohitajika kwenye RAM, mradi ukumbuke kwamba rutini iliyoko RAM ikiita kitendaji kimoja tu kilichoko flashi imerudi palepale. Au unaweza kuchagua chipu yenye benki mbili, ukatekeleza kutoka moja na kufuta nyingine. Njia ya nne, ambayo ni ya upangaji zaidi, ni kufuta mapema wakati kifaa hakina shughuli, ili wakati wa kuhifadhi kubaki na kuandika tu.

Kipima muda mlinzi (kinachokiwasha kifaa upya programu isipokihudumia kwa wakati) nacho hakisimami. Kikiwekwa sekunde 1 na ufutaji wa sekta kubwa ya STM32F4 ukafika 2, kifaa kitajiwasha upya katikati ya ufutaji, kitakuta sekta iliyofutwa nusu, kitaamua kuifuta tena, na mzunguko hautaisha. Kifaa kinachojiwasha bila kukoma baada ya sasisho kichunguzwe kwa dhana hii kwanza.

Dalili: programu inaanguka palepale kiini cha pili kinapowashwa

ESP32 na RP2040 hutekeleza msimbo moja kwa moja kutoka flashi ya nje kupitia kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka). Wakati wa kuandika, flashi hiyo haipatikani kwa yeyote. Mazingira rasmi ya ESP32 huzima kashe, hukisimamisha kiini cha pili, na kuzuia ukatizaji wote isipokuwa ule uliosajiliwa kuwa salama katika IRAM (RAM ya ndani inayobeba maagizo). Ujumbe wa "Cache disabled but cached memory region accessed" unaposomeka kabla ya kuanguka, maana yake kuna rutini iliyoahidi kukaa IRAM lakini inaita kitu, au inasoma jedwali la data lisilobadilika, kilichobaki flashi. Watu hukumbuka kuweka IRAM_ATTR kwenye kitendaji na kusahau kwamba maandishi na majedwali yake nayo yanapaswa kuhamia RAM.

Kwa RP2040 wajibu ni wa mwandishi wa programu. Ukatizaji wa kiini chako uzimwe, na kiini kingine kisiguse flashi kabisa hadi umalize. Vitendaji vya multicore_lockout vipo kwa ajili hiyo, na flash_safe_execute hukusanya hatua hizo pamoja. Sharti linalosahaulika ni kwamba kiini kinachosimamishwa lazima kiwe kimeita multicore_lockout_victim_init mapema. Bila hivyo anayeomba kwa multicore_lockout_start_blocking atangoja bila mwisho, na dalili itageuka kutoka kuanguka na kuwa kuganda. Angalia pia DMA inayosoma picha au sauti kutoka flashi, maana kuvisimamisha viini vyote viwili hakuisimamishi DMA.

Baadhi ya chipu huweka usuluhishi katika maunzi. TMS320F28379D ya Texas Instruments ina viini viwili vyenye benki zao za flashi, lakini pampu ya volteji ya kuandikia ni moja, na semafo (ishara ya zamu) ya maunzi ndiyo huamua nani anaishika. Kiini kinachoanza kuandika bila kuishika kitashindwa hata kama mwenzake hafanyi lolote na flashi.

Kwa nRF52 inayoendesha SoftDevice (programu ya redio ya mtengenezaji), redio ndiyo mwenye nyumba. Ombi la sd_flash_write hurudi mara moja, na matokeo huja baadaye kama tukio la kufaulu au kushindwa. Bafa ya data isiwe kigezo cha ndani cha kitendaji kilichokwisha kurudi, kwa sababu kitakachoandikwa ni chochote kilichochukua nafasi yake kwenye rafu (stack). Tukio la kushindwa nalo si la kupuuzwa: redio ikiwa na shughuli nyingi, ombi halipati nafasi na ni lazima lirudiwe.

Dalili: kila kitu kinasimama, na kufuli halifunguki

Tazama mpangilio wa kushika makufuli. Jukumu moja likishika kufuli la basi la SPI kisha likaomba la rekodi, na jingine likashika la rekodi kisha likaomba la basi, siku moja watangojana milele. Mpangilio uwe mmoja kwa wote: rekodi kwanza, basi baadaye.

Kuchelewa kusikoelezeka kwa jukumu la kipaumbele cha juu ni jambo jingine. Jukumu la chini limeshika kufuli la flashi, la juu linalingoja, na la kati lisilohusika linamnyima yule wa chini nafasi ya kumaliza. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilijiwasha upya mara kwa mara juu ya Mirihi kwa sababu ya mgeuko wa kipaumbele wa namna hiyo, na tiba iliyotumwa kutoka Dunia ilikuwa kuwasha urithi wa kipaumbele (aliyeshika kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha anayelingoja) katika kufuli husika. Katika FreeRTOS, mfumo endeshi wa wakati halisi, myuteksi (kufuli lenye mmiliki) ina urithi huo lakini semafo ya hali mbili haina, kwa hiyo anayelinda flashi kwa semafo hiyo ameacha mlango wazi.

Dalili: kimeandikwa sawasawa, lakini kinasomeka cha zamani

Kitatuzi kinaonyesha thamani mpya katika flashi, programu inaona ya zamani. Kama kigezo kimetangazwa kuwa kisichobadilika na thamani yake inajulikana wakati wa kukusanya msimbo, kikusanyaji (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo) huenda kimeiweka moja kwa moja ndani ya maagizo na hakisomi flashi kabisa. Kisome kupitia kielekezi cha volatile, kinachokilazimisha kikusanyaji kusoma kumbukumbu kila mara. Kama si hivyo, ni kashe. Katika STM32F4 kashe za kiharakishi cha flashi zinapaswa kuzimwa, kusafishwa na kuwashwa tena baada ya kufuta.

Dalili: kifaa kinaanguka kinaposoma anwani moja maalumu

STM32L4 huandika biti 64 kwa mkupuo pamoja na biti 8 za ECC (za kugundua na kusahihisha makosa). Umeme ukikatika katikati ya mkupuo, biti na ECC zake huenda zisikubaliane, na kosa la biti mbili likigunduliwa wakati wa kusoma, chipu hutoa NMI (ukatizaji usiozuilika). Programu isiyo na kishughulikia chake itaanguka kila inapowashwa, maana kusoma mipangilio ndiyo kazi yake ya kwanza. Kishughulikia hicho kitambue kwamba anwani yenye kosa iko katika eneo la rekodi, kifute alama ya kosa, na kiiache programu iichukulie rekodi hiyo kuwa mbovu.

Pale chipu inapokuwa imechoka kweli

Inawezekana, na hesabu yake ni rahisi. Kuhifadhi mahali palepale kila sekunde 10 ni mara 8,640 kwa siku. Uvumilivu wa mara 100,000 huisha katika siku zisizofika 12. Kwa kuongeza rekodi za baiti 16 moja baada ya nyingine ndani ya sekta ya kilobaiti 4 na kufuta inapojaa, ufutaji hupungua mara 256 na muda huo hufika takriban miaka 8. Lakini utumiaji wa pamoja huivuruga hesabu hii: kila moduli imejihesabia uandishi wake peke yake, na sekta inabeba jumla ya zote. Uthibitisho wa uchovu ni sekta inayofutwa bila yeyote mwingine kuigusa na bado ina baiti zisizo 0xFF, au muda wa kufuta unaopimika kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Bila kimojawapo, rudi kwenye orodha ya wanaoigusa.

Mpangilio unaoondoa dalili nyingi kwa pamoja

Palipo na mfumo endeshi, toa haki ya kugusa kumbukumbu kwa jukumu moja tu, na wengine wote walitumie maombi kwa foleni. Ombi liwe na nakala ya data, si kielekezi, na liwe na njia ya kurudisha jibu baada ya uandishi kuthibitishwa kwa kusoma tena. Makufuli yaliyotawanyika hutegemea kila mwandishi wa msimbo, wa leo na wa kesho, akumbuke kuyashika. Foleni haimwachii njia nyingine. Gharama yake ni RAM kidogo na ucheleweshaji, na kwa maoni yangu ni gharama ndogo.

Jukumu hilohilo ndilo lipewe habari ya umeme kushuka. Kwa ATmega328P washa kigunduzi cha volteji ya chini katika kiwango kinacholingana na kasi ya saa (viwango vyake ni volti 1.8, 2.7 na 4.3). Kwa flashi ya nje, hesabu kapasita. Kifaa kinachovuta miliampia 20, kikishuka kutoka volti 3.3 hadi 2.7, kinahitaji maikrofaradi 100 kumaliza uandishi wa ukurasa wa W25Q128JV wenye kikomo cha milisekunde 3. Kumaliza ufutaji wenye kikomo cha milisekunde 400 kungehitaji zaidi ya maikrofaradi 13,000. Kwa hiyo onyo la umeme likifika, jukumu likatae maombi yote ya kufuta, limalize ukurasa lililonao, na liache sekta tupu iliyofutwa mapema ipokee rekodi ya mwisho.

Mpangilio huo ujaribiwe kwa kukata umeme kwa relei au transista inayoendeshwa na kifaa kingine, kwa ucheleweshaji unaosogezwa kidogo kidogo kuanzia mwanzo wa operesheni hadi baada ya mwisho wake, huku majukumu yote yakihifadhi kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida. Baada ya kila kuwashwa, programu itume kwa mawasiliano ya mfululizo nambari ya mfuatano iliyoichagua na hali ya CRC ya nafasi zote mbili. Mfuatano ukirudi nyuma zaidi ya hatua moja, au nafasi zote mbili zikiwa mbovu kwa wakati mmoja, bado yupo mwandishi ambaye hayumo katika orodha, na ucheleweshaji uliosababisha tukio hilo unaonyesha ni katika hatua ipi anaingia.